Klasi na Kiolesura: Uhusiano Ufaao katika Lugha za Kompyuta

Katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, msimu wa korosho huanza kwa tendo lile lile kila mwaka. Mkulima hupeleka magunia yake kwenye ghala la chama cha msingi, korosho hupimwa uzito na kukaguliwa ubora, naye hupewa stakabadhi. Masasi iko chini, magharibi ya Uwanda wa Juu wa Makonde, katikati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda huo, ikilitazama bonde la mto Ruvuma. Korosho za Masasi huuzwa kupitia chama kikuu cha ushirika cha MAMCU, na za Newala kupitia TANECU. Vyama hivi viwili vina viongozi mbalimbali, maghala mbalimbali na vitabu mbalimbali vya hesabu. Hata hivyo, mnunuzi anayeshindana mnadani halazimiki kujifunza taratibu za ndani za kila kimoja. Linalomhusu ni kwamba stakabadhi ikionyeshwa, mzigo wenye uzito na daraja lililoandikwa humo utatolewa.

Tofauti hii, baina ya yale ambayo chombo kimeahidi kuyafanya na namna kinavyoyafanya ndani yake, ndiyo kiini cha swali ambalo limewashughulisha watungaji wa lugha za kompyuta kwa miongo kadhaa: klasi na kiolesura vihusianeje? Mwanafunzi wa sekondari anayeanza kujifunza Java hukutana na maneno haya mawili mapema sana, na mara nyingi huyakariri bila kuelezwa kwa nini yako mawili wala si moja.

Yafaa kuanza na maana. Katika programu za aina hii, kazi hugawanywa kati ya vitu vingi vinavyotumiana ujumbe, na kila kitu kina kumbukumbu zake na matendo yake. Klasi ni kalibu ambayo vitu hivyo hufyatuliwa kutokana nayo. Humo mmeandikwa kumbukumbu ambazo kila kitu kitakuwa nazo, na hatua za kila tendo, moja baada ya nyingine. Kiolesura, kwa asili yake, hakina hatua hizo. Ni orodha ya matendo pamoja na masharti yake tu, kama hivi:

kiolesura Ghala
   pokea (mzigo): hutoa stakabadhi
   toa (stakabadhi): hurudisha mzigo ule ule

Klasi GhalaLaMasasi na klasi GhalaLaNewala zaweza kukitimiza kiolesura hicho kila moja kwa njia yake. Moja ikipanga kumbukumbu zake kwa majina ya vyama vya msingi, nyingine kwa tarehe za kupokea mizigo. Programu ya mnada iliyoandikwa kwa kutaja Ghala peke yake itafanya kazi na zote mbili, na hata na ghala la tatu litakalojengwa baadaye.

Klasi ilitangulia kiolesura kwa miaka mingi. Ilizaliwa Oslo, nchini Norwei, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotunga lugha ya Simula 67. (Mji huo haukosi uhusiano na mikoa ya kusini ya Tanzania: mfumo wa DHIS2, ambao Wizara ya Afya imeutumia kukusanya takwimu za vituo vya afya nchini kote, umeandikwa kwa Java na huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo.) Katika Simula, klasi ilipewa kazi tatu kwa pamoja. Ilitengeneza vitu. Ilikuwa pia jina la aina, yaani neno ambalo mwandishi wa programu hulitumia kusema ni kitu gani kinachokubalika mahali fulani. Tena iliwarithisha watoto wake hatua zilizokwisha kuandikwa, ili zisiandikwe mara ya pili. Lugha ya C++, ambayo Bjarne Stroustrup aliitoa mwaka 1985, ilifuata njia hiyo hiyo.

Kazi tatu kwa mtumishi mmoja huonekana kuwa ni kubana matumizi, lakini matata yote ya baadaye yalitokea hapo. Mfano mashuhuri umo ndani ya Java yenyewe. Kila aliyeingia ghalani analifahamu rundo la magunia: gunia lililopandishwa mwisho ndilo la kwanza kushuka, na anayechomoa la katikati huangusha rundo zima. Java iliyotolewa mwaka 1996 ilikuwa na klasi ya rundo la namna hiyo, iitwayo Stack. Ili kutumia hatua zilizokuwa tayari, ilifanywa irithi klasi nyingine, Vector, ambayo ni orodha inayoruhusu kuingiza na kuondoa mahali popote. Urithi ulileta hatua zilizohitajika. Lakini kwa kuwa klasi ni jina la aina pia, Stack ikawa imetangazwa kuwa ni Vector. Tangu siku hiyo, yeyote aliyepewa rundo aweza kuchomoa kitu cha katikati, na lugha haimzuii. Dosari hiyo ipo hata leo, kwa sababu programu nyingi zimekwisha kuitegemea. Waliotaka kurithi hatua walijikuta wamerithi na ahadi. Mwaka 1990 William Cook, Walter Hill na Peter Canning walieleza wazi, katika makala ya kitaalamu, kwamba kurithi hatua za klasi si sawa na kuwa aina ndogo ya klasi hiyo.

Suala la idadi ya wazazi laweza kueleweka upesi kwa mfano wa hapo hapo. Wamakonde, Wamakua na Wayao, walio wenyeji wa wilaya hizi, kwa mila huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu ana ukoo mmoja, wala haitokei koo mbili kugombea jina lake. Lakini mtu huyo huyo aweza kuwa mkulima, mchonga vinyago na mweka hazina wa chama cha msingi, na anayempa gogo la mpingo alichonge hamwulizi kwanza ni wa ukoo gani. C++ iliruhusu klasi kuwa na wazazi wengi tangu mwaka 1989, na hapo likazuka swali gumu: wazazi wawili wakiwa na tendo la jina moja, mtoto afuate la nani? James Gosling na wenzake wa kampuni ya Sun Microsystems, walipoitoa Java mwaka 1995, walichagua njia inayofanana na ile ya ukoo na kazi. Klasi hurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, lakini yaweza kutimiza violesura vingi kadiri inavyotaka.

Uamuzi huo ulikuwa mzuri, ila uliishia nusu ya njia, kwani klasi iliachwa ibaki jina la aina kama zamani. Mwandishi aweza kudai GhalaLaNewala mahali ambapo Ghala lingetosha, na lugha humkubalia. Mwanafunzi hufanya hivyo mara nyingi, kwa kuwa klasi iko tayari na kiolesura kingehitaji kuandikwa. Gharama huja baadaye, pale mambo ya dunia yanapobadilika.

Na katika korosho yamebadilika mara nyingi. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi ukawa mikononi mwa Mamlaka ya Korosho. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua. Mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi za ghala, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2005. Kisha katika msimu wa 2018 wakulima walizikataa bei za mnada, na mwezi Novemba Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Tangu msimu wa 2024/2025 minada imeendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Katika miaka hiyo yote mkulima wa Newala alifanya lile lile: alileta, akapimiwa, akangojea fedha.

Na ichukuliwe programu ya malipo ambayo kila sehemu yake imeitaja klasi Mnada. Novemba 2018 ingalikwama, maana mnada haukuwapo tena, wala mshindi wa mnada, wala bei iliyotokana na ushindani. Ingalihitaji kupitiwa mstari kwa mstari, na kila siku ya kuipitia ni siku ya mkulima kungojea ada ya shule ya mtoto wake. Programu iliyokitaja kiolesura Mnunuzi, chenye tendo la kutaja bei na tendo la kulipa, ingalihitaji klasi moja mpya, SerikaliMnunuzi, na sehemu nyingine zisingaliguswa. Hapo ndipo faida ya kiolesura inapoonekana.

Lakini mfano huo huo unaonyesha na udhaifu wa kiolesura. Malipo ya msimu ule yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima, tendo ambalo halikuwamo katika mnada wa kawaida. Kiolesura Mnunuzi kikiongezwa tendo la kuhakiki, klasi zote zilizokitimiza zamani huhesabiwa kuwa pungufu papo hapo, hata kama hazina haja ya uhakiki. Watungaji wa Java walikutana na shida hii hasa walipotaka kuongeza matendo mapya katika violesura vya orodha, ambavyo vilikuwa vimetimizwa na klasi zisizohesabika duniani kote. Dawa waliyoitoa mwaka 2014, katika Java 8, ni kuruhusu kiolesura kubeba hatua za akiba, zitakazotumiwa na klasi isiyoandika za kwake. Kwa hiyo ule msemo wa vitabu vya zamani, kwamba kiolesura cha Java hakina hatua hata moja, si kweli tena, na walimu wanaoufundisha hawana budi kuusahihisha. Wako wanaolalamika kwamba mpaka kati ya klasi na kiolesura umefutika. Lalamiko hilo limezidishwa. Kiolesura cha Java bado hakina kumbukumbu za kila kitu peke yake. Hatua zake za akiba hujengwa kwa kuyaita matendo mengine ya kiolesura hicho hicho. Maadamu mpaka huo umeheshimiwa, ahadi hubaki ahadi.

Limebaki swali la kutangaza. Katika Java, klasi haihesabiwi kuwa imetimiza kiolesura mpaka itamke hivyo. Lugha ya Go, iliyotolewa na Google mwaka 2009, haitaki tamko: klasi, au kwa usahihi zaidi aina yoyote yenye matendo yanayotakiwa, hukubaliwa. Njia hii ni nyepesi, hasa pale ambapo kiolesura kimeandikwa leo na klasi iliandikwa jana na mtu mwingine asiyeweza kuombwa aibadilishe. Hatari yake inafahamika vyema kusini. Mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kienyeji nje ya ushirika kwa kipimo kisicho rasmi, naye hupokea mzigo na hulipa. Ukitazama majina ya matendo peke yake, hana tofauti na chama cha msingi. Tofauti iko katika masharti: mizani iliyothibitishwa, daraja lililokaguliwa, stakabadhi inayokubalika kisheria. Barbara Liskov alilisisitiza jambo hili katika hotuba yake ya mwaka 1987: kitu cha aina ndogo chafaa kushika nafasi ya kitu cha aina kubwa pale tu ambapo programu inayokitumia haitaona tofauti ya mwenendo. Hakika, tamko la Java nalo si uthibitisho, kwani lugha hukagua majina na aina, haipimi mizani. Lakini tamko ni sahihi ya mtu aliyesoma masharti, na penye fedha za watu sahihi yatakiwa.

Kwa haya yote, lugha iliyobuniwa vyema ingefaa kuzitenga zile kazi tatu za Simula. Jina la klasi litumike mahali kitu kinapotengenezwa, na kwingineko ziwe zinatajwa ahadi. Anayetaka hatua za klasi nyingine aiweke ndani yake na kuikasimu kazi, kama rundo lingaliweza kuificha orodha ndani na kuonyesha matendo ya juu peke yake. Wazo hilo si geni: lugha ya Emerald, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Washington miaka ya 1980, ilikwisha kutenga aina na utekelezaji, na Go imeachana kabisa na urithi wa klasi. Dart ya mwaka 2011 ina njia ya kati yenye busara, ambapo kila klasi huzaa kiolesura chake yenyewe, na klasi nyingine yaweza kukitimiza bila kurithi hatua yoyote. Hii humwondolea mwandishi kisingizio cha uvivu. Isipite kiasi, hata hivyo. Tarehe au kiasi cha kilo havihitaji kiolesura, na desturi ya kukiandikia kiolesura kila kijiklasi kisichokuwa na mwenzake huujaza msimbo majina matupu.

Mwalimu aweza kulipima darasa kwa zoezi lifuatalo, bila kompyuta. Wanafunzi waandike kwa Kiswahili kiolesura ChamaChaMsingi chenye matendo yasiyozidi manne. Kundi moja litoe klasi ya chama chenye mizani moja na daftari, kundi la pili la chama chenye mizani ya kielektroniki, na kundi la tatu waandike programu ya mkulima bila kuziona kazi za makundi mawili ya kwanza. Kisha matendo yaigizwe kwa vipande vya karatasi. Programu ya kundi la tatu ikikwama kwa chama kimoja na kufanya kazi kwa kingine, watafute ni sharti gani lililokuwa vichwani mwao ambalo hawakuliandika katika kiolesura.