SOMO LA 7: WATU WANAOMTUNZA MGONJWA NYUMBANI

Tulimruhusu baba mmoja aliyepooza upande mmoja arudi kwake. Nyumba yake ilijaa watu kila siku. Baada ya mwezi mmoja walimrudisha, ana kidonda kiunoni kilichofika mfupani. Kila mtu alidhani mwingine amemgeuza. Basi, ujifunze nani afanye kazi gani.

1. Mlinzi wa mgonjwa. Ni ndugu anayelala karibu naye. Amwoshe, amlishe, amnyweshe maji, tena amgeuze kila saa 2, mchana na usiku. Asipogeuzwa, nyama inabanwa kati ya mfupa na kitanda, inakosa damu, inakufa. Kila siku utazame kiuno, matako na visigino. Ukiona ngozi imegeuka rangi, au ina moto, usiisugue. Umlaze upande mwingine, umwite mwuguzi.

2. Mwuguzi wa kituo cha afya. Yeye ndiye apigaye sindano, asafishaye kidonda kikubwa, na kupima presha. Mlinzi asijaribu kazi hizi, wala asinunue dawa sokoni kwa shauri la jirani.

3. Mjumbe wa afya wa kijiji. Wanakijiji walimchagua, naye akafundishwa. Anapita nyumba kwa nyumba, anafundisha usafi, anatambua dalili za hatari na kupeleka mgonjwa kituoni upesi. Katika vijiji vingine vya mbali anawapa watoto dawa za malaria na za kuhara. Lakini yeye si mwuguzi. Usimlazimishe kupiga sindano.

4. Wageni wa kanisa. Mnakuja kuomba na kuimba, ni vema. Lakini mchote maji, mlete kuni, mkae na mgonjwa ili mlinzi alale kidogo. Mlinzi aliyechoka anasahau kugeuza.

Katika Marko 2 watu 4 walimchukua mwenye kupooza. Kama mmoja angaliachilia upande wake, mgonjwa angalianguka. Vivyo hivyo kwako. Jioni hii mkae pamoja kama jamaa, mtaje kwa jina nani atageuza usiku, nani mchana, na nani atakwenda kumwita mwuguzi.

MAULIZO
1. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe mara ngapi?
2. Kazi gani si ya mlinzi?
3. Katika nyumba yako, nani anamsaidia mlinzi apate kulala?