Kupima Uimara wa Kompyuta Mpakato ya Bei Nafuu

Mkazi anayetoa akiba ya msimu mzima kumnunulia mwanawe kompyuta mpakato huuliza kasi na ukubwa wa hifadhi, ilhali mara nyingi kinachovunjika kwanza ni bawaba. Katika mashine nyingi za bei ya chini, skrubu za bawaba hushikwa na plastiki. Bawaba ikikaza, plastiki hupasuka, na kioo hufuata. Rangi ya fedha isimdanganye mnunuzi, kwani aghalabu ni plastiki iliyopakwa.

Kabla ya kulipa, afungue na kufunga kifuniko mara kadhaa akisikiliza mlio. Abonyeze katikati ya kibodi aone kama inadidimia. Achomeke chaji, autikise waya kidogo, tundu lisicheze.

Kompyuta iliyotumika ofisini, kama ThinkPad au Latitude, huenda ikawa imara kuliko mpya ya bei ileile. Udhaifu wake ni betri. Katika Windows, amri powercfg /batteryreport huonesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliosalia. Ukiwa chini ya nusu, gharama ya betri mpya ipunguzwe kwenye bei. Namba ya mashine iandikwe kwenye risiti, maana bila hiyo dhamana ni vigumu kudaiwa.