Kuogelea Wakati wa Kipupwe: Mazoezi Mazito na Mwili wa Kijana

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni, mji wa Arusha huwa umekwisha kuingia katika kipupwe. Mara nyingi mawingu huufunika Mlima Meru tangu alfajiri, na usiku joto la hewa huweza kushuka hadi karibu nyuzi 12 za sentigredi. Hata hivyo, kwa mwanafunzi anayependa kuogelea, likizo hii ndiyo nafasi yake kubwa: hakuna vipindi vya darasani, na bwawa laweza kutumika asubuhi na jioni.

Na uchukuliwe mfano wa kijana wa miaka 15 anayeogelea mita 100 kwa sekunde 80. Amekusudia kwamba shule zitakapofunguliwa awe anaogelea mwendo huo kwa sekunde 72. Amejipangia kuogelea mita 3,000 asubuhi na mita 3,000 jioni, siku sita kwa juma. Je, mpango huu utamfikisha alikokusudia, au utamdhuru? Jibu halipatikani kwa kukisia. Linapatikana katika fizikia na biolojia ambazo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuzisoma.

1. Ukinzani wa maji

Maji ni mazito kuliko hewa kwa mara 800 hivi. Kwa sababu hiyo, mwogeleaji hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuyasukuma maji yaliyo mbele yake. Ukinzani wa maji huongezeka takriban kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne.

Kijana wetu anataka kupunguza muda kutoka sekunde 80 hadi 72. Kasi yake, basi, haina budi kuongezeka kwa uwiano wa 80 kwa 72, yaani mara 1.11. Ukinzani utaongezeka mara 1.11 × 1.11, ambayo ni 1.23. Nishati anayopaswa kuitoa katika kila sekunde itaongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi, yaani mara 1.37. Kwa maneno mengine, ili aongeze kasi yake kwa asilimia 11 tu, misuli yake itapaswa kufanya kazi kwa asilimia 37 zaidi katika kila sekunde.

Hesabu hii yaonyesha kwa nini kutumia mabavu peke yake hakuleti ushindi majini. Mwogeleaji anayeinua kichwa huishusha miguu yake, na mwili wake ukawa kama ubao uliowekwa mshazari dhidi ya maji. Yule anayelala sawasawa juu ya maji, kichwa na nyonga vikiwa katika mstari mmoja, hupunguza ukinzani bila kuongeza nguvu hata kidogo. Kwa hiyo siku za kwanza za likizo zafaa zitumike kurekebisha mkao wa mwili kabla ya kuongeza urefu wa mwendo.

2. Hewa ya Arusha

Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya oksijeni katika hewa yake ni asilimia 21, sawa na Tanga au Dar es Salaam. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa, ambayo Arusha ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Kwa hiyo pumzi moja ya Arusha ina oksijeni pungufu kuliko pumzi moja ya pwani.

Watu wengi huamini kwamba mwinuko wenyewe humfanya mwanamichezo awe hodari. Imani hii ilipata nguvu tarehe 2 Februari 1974, pale Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alipokimbia mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuvunja rekodi ya dunia. Ni kweli kwamba mtu akikaa juu sana kwa majuma kadhaa, mafigo yake hutoa homoni inayouhimiza uboho wa mifupa kutengeneza chembechembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Lakini kambi za namna hiyo huwekwa kwa kawaida kwenye mita 2,000 hadi 2,500. Miteremko ya Meru hufika huko na kupita, ila mabwawa ya kuogelea yako chini, mjini. Basi mwogeleaji wa Arusha asitegemee mwinuko umfanyie kazi ambayo yeye mwenyewe hajaifanya. Bayi naye alikuwa na wenzake wengi waliozaliwa katika nyanda za juu. Kilichomtenga nao ni kipaji pamoja na miaka ya mazoezi.

3. Baridi

Maji huchukua joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa yenye joto lile lile. Katika mashindano ya kimataifa maji hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 25 na 28. Bwawa la nje lisilopashwa moto, asubuhi ya Julai chini ya Meru, huweza kuwa na baridi zaidi ya hapo.

Kijana hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima mnene. Sababu moja ni upungufu wa mafuta chini ya ngozi. Sababu nyingine ni ya jometri. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la sentimita za mraba 6 kwa ujazo wa sentimita moja ya ujazo. Uwiano ni 6. Mchemraba wenye upande wa sentimita 2 una eneo la 24 kwa ujazo wa 8. Uwiano ni 3. Mwili mdogo, kwa hiyo, una ngozi nyingi ya kupotezea joto ukilinganishwa na ukubwa wake. Mwogeleaji akianza kutetemeka, midomo ikabadilika rangi, au akashindwa kuvibana vidole vyake pamoja, atolewe majini, akaushwe, avalishwe nguo kavu na kupewa kinywaji cha moto. Kuendelea kuogelea katika hali hiyo si ushujaa, kwani misuli iliyopoa hupoteza nguvu na kijana huweza kuzama.

4. Hatari ya kubana pumzi

Sehemu hii yastahili kusomwa kwa makini kuliko zote, maana inahusu uhai. Vijana wengi hushindana kuona nani atakwenda mbali zaidi chini ya maji kwa pumzi moja. Baadhi yao huvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama, wakidhani kwamba wanajaza oksijeni mwilini.

Dhana hiyo ni potofu. Damu inayotoka mapafuni mwa mtu mwenye afya imekwisha kujaa oksijeni karibu kabisa. Pumzi za haraka haziongezi kitu cha maana. Zinachofanya ni kuiondoa hewa ya ukaa. Nayo hewa ya ukaa, inapoongezeka katika damu, ndiyo hasa inayouamsha ubongo na kumlazimisha mtu kuvuta pumzi. Anayeiondoa ni kama mtu aliyekata waya wa kengele ya hatari. Oksijeni hupungua, kengele hailii, na mwogeleaji huzimia ghafla bila kuhisi dhiki yoyote. Akiwa chini ya maji, hatimaye huvuta maji mapafuni. Katika mwinuko wa Arusha akiba ya oksijeni mapafuni ni ndogo zaidi, hivyo muda wa salama nao ni mfupi zaidi.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Waogeleaji hodari nao hufa, na kubana pumzi ni mojawapo ya njia zinazowaua. Basi mashindano ya kubana pumzi yapigwe marufuku katika kila bwawa la shule, na asiwepo mwanafunzi anayeogelea peke yake. Pia mazoezi yasihamishiwe katika Ziwa Duluti au maziwa mengine ya kasoko, ambako hakuna alama za kina wala mwangalizi.

5. Kupumzika ni sehemu ya mazoezi

Mpango wa kijana wetu ni mita 36,000 kwa juma. Katika bwawa la mita 25, hizo ni safari 1,440. Ikiwa kila mkono hupiga maji mara 10 katika safari moja, kila bega litazunguka mara 14,400 kwa juma. Kano za bega ambazo hazijazoea huweza kuvimba. Aanze na theluthi moja ya kiasi hicho, kisha aongeze kidogo kidogo.

Yafaa ieleweke kwamba misuli haiimariki wakati wa kazi. Huimarika wakati wa kupumzika baada ya kazi. Sukari iliyohifadhiwa katika misuli, iitwayo glikojeni, ikitumika sana huhitaji kama siku nzima na chakula cha kutosha ili irudi. Ugali, ndizi za kupika, maharage na maziwa, vyakula vinavyopatikana kwa urahisi katika vijiji vya Meru, hutosha kabisa. Usingizi wa saa 8 hadi 10 haupungukiwi thamani na chakula hicho.

Hivyo lengo la sekunde 72 si la kukatiwa tamaa, ila huenda lisitimie katika likizo moja. Kijana atakayerudi shuleni akiwa na mkao bora, mabega mazima na sekunde 77 amefanya kazi njema, na kipupwe cha mwaka ujao kitamkuta akiwa na mahali pa kuanzia.

Zoezi la darasani

Kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya moyo wake kwa dakika moja kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, kwa muda wa majuma mawili, na achore grafu. Kwa anayefanya mazoezi, mapigo yakizidi kawaida yake kwa 10 au zaidi siku mbili mfululizo, naye akijisikia mchovu, hiyo ni dalili ya kupunguza kazi.

Maswali

1. Mwogeleaji anapunguza muda wake wa mita 50 kutoka sekunde 40 hadi 36. Ukinzani wa maji umeongezeka mara ngapi?
2. Eleza kwa nini pumzi za haraka kabla ya kuzama huongeza hatari badala ya kuipunguza.
3. Tafuta uwiano wa eneo kwa ujazo wa mchemraba wenye upande wa sentimita 3. Matokeo hayo yanaeleza nini kuhusu watoto wadogo katika maji baridi?