Onyango: Jina la Saa

Onyango maana yake nini?

Ni jina la Kijaluo la mtoto wa kiume aliyezaliwa jua limeshapanda, kama saa tatu asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Msichana wa saa hizo ni Anyango. Wa alfajiri ni Omondi, wa jua la utosi Ochieng, wa jioni Odhiambo, wa usiku Otieno.

Kila azaliwaye saa hizo lazima aitwe hivyo?

Hapana. Pacha wana majina yao: wa kwanza Opiyo, wa pili Odongo, na atakayewafuata Okello. Mvua ikinyesha, Okoth. Akizaliwa amezingirwa na kitovu, Owino. Kisha kuna majina ya wahenga, nayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Marehemu humjia mzazi au jamaa ndotoni akitaka mtoto aitwe kwa jina lake. Au mtoto hulia bila kunyamaza, wazee wakataja marehemu mmoja mmoja. Anapotulia, jina limepatikana. Ndiyo maana usishangae kanuni ya O kwa wavulana na A kwa wasichana ikikiukwa: Achieng Oneko, aliyeshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, alikuwa mwanamume, na Raila Amolo Odinga vilevile.

Mbona kuna wanawake wanaoitwa Onyango?

Kwa sababu ya makaratasi. Kimila Onyango ni jina la mtu mmoja, la kuzaliwa kwake. Shule na ofisi za serikali zilipotaka jina la familia, la baba au la mume likashika nafasi hiyo. Grace Onyango, meya wa Kisumu mwaka 1965 na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya mwaka 1969, alibeba jina la mumewe. Lake mwenyewe lilikuwa Akech, la mtoto wa wakati wa njaa. Babu yake Barack Obama, rais wa zamani wa Marekani, naye aliitwa Onyango. Obama lilikuwa jina la baba wa mzee huyo, na ndilo lililoenea duniani.

Nilijifungua kwa upasuaji saa nne asubuhi. Mwanangu anastahili jina hili?

Anastahili kabisa, mama. Kinachotazamwa ni saa aliyotoka tumboni. Nawasihi wazazi wote: kabla hamjatoka wodini, mwulizeni mkunga saa ya kuzaliwa, muiandike mahali isipoweza kupotea.