Picha ya Rangi Mbili: Nyeusi na Nyeupe

Umebandika picha yako kwenye fomu ya mkopo. Fomu imetolewa kopi. Majina yanasomeka vizuri, lakini uso je? Ni doa jeusi tu! Kinachoonekana ni kola ya shati. Karani anaitazama karatasi, kisha anakutazama wewe. Anauliza, "Huyu ni nani?" Mkulima wa Mwandoya anarudishwa nyumbani, na nauli imeliwa.

Kosa si la sura yako. Mashine ya kopi ya kawaida ina wino wa unga wa rangi moja, nyeusi. Weupe ni karatasi yenyewe. Mahali panaporudisha mwanga mwingi, wino haushiki. Mahali penye giza, wino unashika. Rangi ya kijivu iko katikati, na mara nyingi mashine huisukuma upande mmoja. Ngozi yetu nyeusi ikipigwa picha penye mwanga hafifu husukumwa kwenye weusi. Macho, pua na mdomo vinamezwa.

Magazeti hukwepa shida hii kwa vitone. Sogeza picha ya gazeti karibu na jicho uone. Penye giza vitone ni vikubwa, penye mwanga ni vidogo. Ukiitazama kwa mbali unaona kijivu, kumbe wino ni ule ule mweusi.

Basi dawa ni mwanga, na uutafute kabla ya kupiga picha. Usisimame kwenye jua la utosi, maana macho yatakuwa mashimo. Kaa kwenye kivuli cha nyumba, uso uelekee uwanja ulio wazi. Vua kofia. Mtu akushikie kitambaa cheupe chini ya kifua. Kitarudisha mwanga usoni. Kama mnapiga kwa simu, mpigaji aguse uso wako kwenye kioo, ili simu ipime mwanga wa uso, si wa ukuta. Ukifika dukani mwambie mwenye mashine apunguze weusi. Na kopi itolewe kwenye picha halisi, kamwe si kwenye kopi nyingine, kwa sababu kila kopi ya kopi inaondoa kijivu kilichobaki.

Lakini kuna kazi inayotaka hasa kijivu kiondoke: alama ya kikundi ya kuchapa kwenye fulana. Tuseme kikundi cha wakulima wa pamba kinataka tumba lililopasuka. Liweke juu ya kitambaa cheusi, asubuhi, jua likitoka ubavuni. Piga picha. Sasa toa kopi, halafu kopi ya kopi, mara tatu au nne. Linabaki umbo jeupe kwenye weusi, safi kabisa.

Bandika kopi hiyo kwenye karatasi ngumu, ukate sehemu nyeupe kwa wembe. Hapa wengi huharibu. Kipande cheusi kilichozungukwa na weupe pande zote kitadondoka. Kiachie vidaraja viwili vyembamba vya kukishika. Weka karatasi juu ya fulana nyeusi, gongagonga rangi nyeupe kwa sponji iliyokamuliwa. Rangi ikiwa nyingi itapenya chini ya kingo, na tumba litaonekana kama wingu.

Jaribu kwanza kwenye kitambaa kikuukuu.