Dawa ya hamu ya kula kutoka Muscat

SWALI: Mama anatibiwa saratani Mnazi Mmoja. Hata uji haumpiti. Shemeji kaleta megestroli kutoka Muscat. Nimpe? (Msomaji, Malindi, Unguja)

JIBU: Usimpe mpaka daktari wake aione. Megestroli ni homoni ya jamii ya projesteroni. Marekani iliiidhinisha mwaka 1993 kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokonda. Baadhi hurudiwa na hamu, ila uzito unaoongezeka aghalabu ni mafuta, si misuli. Ninachokiogopa zaidi ni damu kuganda: mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikimbana, mkimbizeni hospitali. Sukari nayo hupanda. Akishaizoea, isikatishwe ghafla. Kwanza aangaliwe vidonda vya mdomo, kichefuchefu na choo kigumu. Mara nyingi ndivyo vinavyomnyima mgonjwa chakula, na vyote vina dawa.