METHADONI: USICHANGANYE, USIKATISHE

Malalamiko yamezidi. Wazazi wanasema methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, ni unga mwingine uliohalalishwa, na wapo wanaowazuia watoto wao kwenda kliniki. Someni hapa kabla hamjamkatisha mtu dawa.

Kinachotokea ubongoni
Ubongo hutengeneza endofini, kemikali ya kutuliza maumivu. Heroini huvamia vipokezi vya endofini na kufumua dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kuitamani tena raha iliyopita. Vipokezi vikishazoea, heroini ikikosekana huja arosto: kuharisha, makamasi, mifupa kuuma, usingizi kupaa. Huo ni ugonjwa, si ukaidi.

Methadoni hukalia vipokezi hivyohivyo, lakini hufanya kazi taratibu na kwa muda mrefu. Kikombe kimoja kwa siku, kwa kipimo sahihi, huzuia arosto bila kumlewesha mtu.

ONYO KUU
Usichanganye methadoni na pombe, valiamu au unga. Vyote hudhoofisha pumzi. Mtu hulala akikoroma, asiamke tena.

Wiki mbili za mwanzo ni za hatari zaidi, kwa kuwa dawa hujilimbikiza mwilini. Usiongeze chochote kwa sababu eti "haijashika".

Ukikosa dozi siku tatu mfululizo, mwambie muuguzi ukweli. Mwili umepoteza uzoefu. Kipimo chako cha zamani kinaweza kukuua. Hali ni hiyohiyo kwa anayetoka mahabusu na kurudia unga.

Akizidiwa
Haamki, anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi? Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Msimpe maziwa. Dawa iitwayo naloksoni humzindua, lakini nguvu yake huisha kabla ya methadoni. Akizinduka, abaki hospitali chini ya uangalizi.

Anayepokelewa
Mraibu wa heroini aliyethibitishwa na wataalamu, pamoja na kipimo cha mkojo. Masharti mengine ataelezwa kliniki.

Tulipofika
Huduma ya methadoni ilianza hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, Temeke, kisha mikoani. Tunajivunia kazi hiyo. Waliokuwa wakilala vijiweni wamerudi kwenye familia zao na kazi zao. Lakini hatutamvumilia anayeficha dawa mdomoni akaiuze nje: dozi ya mzoefu humuua asiyezoea.

Kunywa mbele ya muuguzi, kila siku. Tunarudia: Usichanganye. Usikatishe bila daktari.